Barua kwa mwanangu: ile chupa ya maji

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Marahaba. Hapa nyumbani wote wazima, mama yako ameshaanza kuvuna viazi. Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza, na nilisikia umechoka, kwa nini lazima uingie na chupa ya maji darasani wakati wenzako wanakucheka, na mwalimu mmoja amekukatalia kutoka kwenda kunywa. Nimefundisha kemia miaka yote hii na sijawahi kukaa nawe nikakueleza selimundu, huu ugonjwa wako wa damu, kwa kemia. Nilikuwa nakuamrisha tu: kunywa maji, vaa sweta. Sasa uko kidato cha tano, unadai sababu, na una haki.

Himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ina minyororo minne. Miwili kati yake huitwa beta, kila mmoja una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini. Katika zote hizo, tofauti yako na mwenzako wa dawati ni moja: nafasi ya 6, palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki, pamekaa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ugonjwa uko kwenye molekuli yenyewe. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, pale Cambridge, akaipata hiyo asidi amino moja. Ile ya glutamiki ina chaji hasi, inapenda maji. Valini ina tabia ya mafuta, inayakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo kidogo, kishimo kinafunguka kwenye molekuli jirani, na valini inapata pa kujichomeka. Moja inashika nyingine, nyuzi 14 zinajisokota kama kamba ya katani, na kamba hiyo ndiyo inayoivuta chembe nyekundu mpaka ipinde kama mundu.

Usidhani himoglobini yako inaharibika kama yai. Yai likichemka, protini zake hufumuka na kung'ang'aniana. Lipoze utakavyo, ute haurudi kuwa maji. Yako haifumuki. Kila molekuli inabaki nzima, zimejipanga tu, na zikifika mapafuni zikapata oksijeni kamba inayeyuka. Ila chembe iliyopindwa mara nyingi utando wake huchoka, ikabaki imepinda.

Hapa soma polepole. Kamba haianzi papo hapo. Mwaka 1974, kule Marekani, Hofrichter, Ross na Eaton waliona kwamba kuna muda wa kusubiri: molekuli chache zinakutana na kuachana, zinakutana na kuachana, hadi kikundi kimoja kifikie ukubwa wa kutosha kutosambaratika. Baada ya hapo ni mbio. Na muda huo hupungua kadiri msongamano wa himoglobini ndani ya chembe unavyopanda, kwa kipeo kinachofika 30 hivi. Chukua kikokotoo, piga 1.02 kwa kipeo cha 30. Umepata 1.8. Maana yake chembe zako zikikaukiwa maji kidogo tu, msongamano ukapanda kwa asilimia 2, muda wa kusubiri unakaribia kukatika nusu. Na chembe inahitaji sekunde chache tu ipenye kwenye mishipa midogo na kurudi mapafuni. Ikiwahi, kamba haijaanza. Hizo sekunde ndizo zilizomo kwenye chupa yako.

Baridi ya huko Njombe unakosoma nayo ina jambo linalonishangaza hadi leo. Maabara, ukiipooza jeli ya himoglobini hii, inayeyuka! Kwa hiyo kamba yenyewe haiipendi baridi. Shida ni mishipa yako: inajikunyata, damu inachelewa njiani, muda unaisha kabla haijafika. Vaa soksi, hata usiku.

Vidonge vya haidroksiurea usiruke hata siku moja. Vinaamsha himoglobini ya kitoto, ambayo haiingii kwenye ile kamba. Ulizaliwa nayo nyingi, ndiyo maana miezi ya kwanza hukuugua. Ulipokuwa na miezi minane mama yako alikuwa anakuogesha kwenye beseni, akaniita. Vidole vyako vyote vimevimba, ngozi inang'aa, ukigusa kimoja unapiga yowe. Nikasema ni wadudu. Nikakupaka mafuta siku mbili nzima kabla ya kukupeleka hospitali. Mwalimu wa kemia, mwanangu, siku mbili. Nisamehe.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu kwa mwalimu wako wa darasa na nakala ya maelezo ya kliniki. Mwonyeshe matroni kwanza, kisha muende naye. Sweta zito na chupa ya lita moja inayotunza joto nimempa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi. Omba ruhusa, uulizie stendi kuanzia saa saba mchana. Maji ya uvuguvugu hukushuka vizuri zaidi, nakumbuka.

Baba yako