Kwa vijana wetu mnaotoka saa kumi alfajiri

Wanangu, marahaba. Leo nina neno, na msianze kusema mzee kaanza tena.

Hivi nani kawaambia lazima ujenge ukiwa na miaka thelathini? Najua kupanga Dar kunachosha, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, basi kijana akipata vihela anakimbilia kiwanja Chanika, kule pembezoni mwa jiji, anapandisha tofali, anahamia hata madirisha hajaweka, na kazi yenyewe iko Posta, katikati ya jiji. Anatoka saa kumi anarudi saa nne usiku, mtoto kamwacha kalala kamkuta kalala, daftari la shule anasaini dada wa kazi. Ukiangalia vizuri anayeifaidi hiyo nyumba ni dada. Sisemi msijenge jamani, nasema ukipiga hesabu ya bati na saruji piga na ya masaa yako, maana kuna mtu kapanga chumba na sebule Ilala, kazini anaenda kwa mguu, jioni anacheza na wanawe, na huyo mnamwita hana maendeleo!

Halafu michango. Mtu yuko kwenye magrupu manne ya harusi, kakopa kwenye simu ili achangie sendofu ya mtu ambaye wakikutana Kariakoo wanapishana tu. Kama ni ndugu yako au rafiki wa kweli toa, tena nenda kaoshe na masufuria, ila huyo mwingine mwandikie hongera Mungu awatangulie, toka kwenye grupu kistaarabu. Watakusema? Wakuseme, watapata mwingine.

Kuna watafiti wa Harvard kule Marekani toka 1938 wanafuatilia maisha ya watu mpaka uzeeni, wakaona kinachomtunza mtu afya na furaha zaidi ni kuelewana na watu wake wa karibu, hela na umaarufu havifui dafu hapo. Bibi zenu walilijua hilo bila chuo. Sasa nyie hao watu wa karibu mnawaona saa ngapi?

Jumapili hii kaa na mwenzako, simu pembeni, kila mtu ataje vitu anavyofanya kwa sababu tu wenzake wanafanya. Msiache vyote, mtashindwa. Chagueni kimoja, mwezi huu mkiache muone. Anayebisha aje jioni tubishane, kahawa ipo, kashata aje nazo mwenyewe.