Kodi ya miezi sita, mfuko wa saruji na Bunge la bajeti: Taarifa ya Mwenyekiti kwa wanachama, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mmeshagawiwa na Mhazini atazipitia ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo sizigusi hapa. Taarifa hii nimeitoa kwa swali moja lililojaza kundi letu la simu mwaka mzima: kila mwaka Bunge linajadili uhaba wa nyumba na kupanda kwa gharama za maisha, mbona chumba cha Mabatini au Igogo hapa Mwanza hakishuki bei?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba tumekuwa tukibisha hodi mlango usio wake. Kwa kawaida mwezi Mei Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi husoma bajeti yake. Takwimu ileile hurudi: upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya 200,000 kila mwaka. Ikifika Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika hushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani hutishia kuuzuia mpaka ajibiwe, huelezwa, huirudisha. Redio zetu huwa zimewaka muda wote huo. Lakini kinachopitishwa pale ni Fungu 48, yaani fedha za wizara yenyewe: upimaji, ramani, hati, mishahara. Bei ya saruji haimo. Kodi na tozo zimo kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, unaojadiliwa Juni chini ya Waziri wa Fedha, siku ambazo wengi wetu tumeshazima redio.

Mfano tunao nyumbani. Dkt. Angelina Mabula, aliyekuwa Mbunge wa Ilemela, alikuwa Waziri wa Ardhi kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2023. Katika kipindi hichohicho Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya Sh20 kwa kilo ya saruji, yaani Sh1,000 kwa mfuko wa kilo 50, pamoja na nyongeza ya Sh100 kwa lita ya petroli na dizeli. Mwanza ikaonja yote mawili, maana mafuta yanapanda nchi kavu kutoka pwani, na kokoto nazo hazitembei bila lori. Wizara ya Ardhi ilikuwa mikononi mwa jirani yetu, na bado mfuko ukapanda kwa muswada wa wizara nyingine.

Niseme wazi kuhusu andiko letu la mwaka huu la maoni juu ya muswada huo wa fedha: lilikuwa na malalamiko mengi na hesabu chache, na lilichelewa. Kati ya hotuba ya bajeti na kupitishwa kwa muswada hakuna hata wiki tatu, na Kamati ya Bajeti huwapa wadau siku chache tu za kutoa maoni. Andiko linalosikilizwa lina mambo matatu: kifungu cha sheria kinacholengwa, maneno mapya yanayopendekezwa neno kwa neno, na namna Serikali itakavyoziba pengo la mapato. La tatu ndilo tuliloliacha. Ukiomba tozo ifutwe bila kusema fedha hiyo itapatikana wapi, umewarahisishia kazi ya kukataa. Rasimu ijayo itakuwa tayari mwishoni mwa Machi.

Kwa ajili ya rasimu hiyo Kamati ya Ujenzi imepiga hesabu ya chumba kimoja cha futi 12 kwa 10, na naiweka hapa kwa sababu inawafaa hata wasiojali Bunge. Kuta zenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita za mraba 32. Tofali la inchi 6 huingia kama 10 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza ya kuvunjika, andaa 340. Mfuko mmoja ukitoa tofali 35, ni mifuko 10, na tozo humo ni Sh10,000. Sasa fundi anakushauri utoe tofali 50 kwa mfuko. Mifuko inabaki 7, unafurahi. Tofali hizo humomonyoka pembeni ukizibeba tu, na zikipangwa ukuta hutoka na mawimbi. Plasta iliyopaswa kuwa milimita 15 inapigwa 25 ili kunyoosha. Kwa pande zote mbili za ukuta, nyongeza hiyo ni kama mita za ujazo 0.65, ambazo kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5 zinakula mifuko 4. Umeokoa 3, umelipa 4, na msumari bado haushiki. Tofali pia zimwagiliwe maji siku 7 kivulini. Kwa jua letu la Agosti, tofali lisilomwagiliwa hukauka kabla halijakomaa.

Kwa wapangaji, kisu kinachokata si bei ya mwezi peke yake. Ni kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na ahadi za sheria mpya zimesikika bungeni zaidi ya mara moja. Tuchukue chumba cha Sh60,000. Miezi sita ni Sh360,000, na dalali anataka mwezi wake, jumla Sh420,000 kabla hujaingiza godoro. Anayezikopa kwa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, tuseme 20% kwa mwezi, anadaiwa riba ya Sh84,000 mwezi wa kwanza. Riba imeizidi kodi ya chumba chenyewe! Ndiyo maana msimamo wetu kwa wagombea wa uchaguzi wa Oktoba 2025 ulikuwa kuhusu muda wa malipo ya awali kwanza, kiwango cha kodi baadaye. Kiwango kikipangwa kwa amri, mwenye nyumba atakidai mlango wa nyuma.

Mkataba wa pango uandikwe na upelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kulipiwa ushuru wa stempu, 1% ya kodi ya mwaka. Kwa chumba tulichotaja ni Sh7,200. Bila stempu, siku ya kesi karatasi hiyo haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Na kesi ina ngazi zake: tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linatoa hati ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, nayo ndiyo unayokwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayekwenda wilayani mikono mitupu hurudishwa kata, naye ameshapoteza nauli na siku ya kazi.

Kodi ya jengo bado inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Sh18,000 kwa mwaka. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Tunzeni ujumbe wa LUKU unaoonyesha makato, mkubaliane iondolewe kwenye kodi ya chumba, na mliandike hilo kwenye mkataba. Nyumba moja yenye mita 4 za umeme haistahili kukatwa mara 4. Mwenye nyumba aombe makato yabaki kwenye mita moja.

Kuhusu viwanja vya bei poa kandokando ya ziwa, pande za Luchelele na Igombe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Futi kamba ya mita 30, mara mbili. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, kwa hiyo ukingo ulioonyeshwa na muuzaji kiangazi usiuamini. Kabla ya kulipa chochote, ona mchoro wa mipango miji halmashauri, Jiji au Manispaa ya Ilemela, kisha fanya upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi.

Wanachama wenye ujumbe wa LUKU wa kuanzia Julai 2024 wauwasilishe kwa Katibu pamoja na nakala ya mkataba, jina la mwenye nyumba likiwa limefutwa. Tunauhitaji kwa jedwali la rasimu ya Machi.