Mwanangu, Skenes hauzwi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Pittsburgh, sote wazima, baridi ndo hii hii unayoijua, baba yako anakusalimia na anasema umpigie. Nimeona nikuandikie kabisa maana juzi kwenye simu kila nikitaka kumaliza neno unanikatisha, na hili jambo mi siwezi kuliacha hewani. Ulisema Pirates, timu yetu ya besiboli hapa, wamuuze pitcha wao (mrushaji wa mpira) Paul Skenes sasa hivi wakati bei yake iko juu, wachukue vijana wanne watano wa Yankees, timu ianze upya. Mi nasema hapana. Skenes hauzwi, na nitakueleza kwa nini, soma mpaka mwisho ndo unijibu.

Hebu kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Huyu ndo tuliyemchukua namba moja kwenye drafti (timu zinavyochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2023, kijana aliyeanzia chuo cha jeshi la anga akahamia chuo cha LSU, akapewa bonasi ya dola milioni 9.2. Tarehe 11 Mei 2024 akapandishwa ligi kuu, mwaka huo huo akawa mchezaji bora chipukizi wa National League, ile nusu ya ligi kuu tunayochezea, na 2025 akachukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora, kwa kura zote, hakuna hata mpiga kura mmoja aliyemweka mwingine mbele yake. Wastani wake mwaka huo wa mikimbio aliyoruhusu ulikuwa 1.97 kwa mechi, na ikiwa ndogo ndo bora. Aliwatoa kwa straiki wapigaji 216, maana straiki tatu mpigaji ametoka. Halafu angalia rekodi yake, ameshinda 10 amepoteza 10! Mtu anarusha hivyo anapoteza mechi kumi, kwa nini? Kwa sababu wenzake hawapigi. Mwaka jana tulipiga homurani (mpira unaovuka ukuta) 117 tu msimu mzima, timu ya mwisho kwenye ligi yote, timu 30. Sasa wewe umeona timu haina wapigaji unataka umwondoe mrushaji, mwanangu, hiyo hesabu umeifanyaje?

Mi nikimwangalia pale mlimani, kile kilima cha kurushia, huwa naacha kila kitu. Ule mpira wake wanaouita splinka, unamtoka mkononi kwa kasi ya maili 94, 95 hivi, mpigaji anauona umenyooka kabisa anaanza kuzungusha gongo, ukikaribia sahani unazama na kukata kuelekea miguuni kwake, gongo linapita juu hewa tupu. Na kabla ya hapo alishamrushia moja ya maili 98 au 99 usawa wa kifua. Yaani mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua ni upi kati ya hiyo miwili. Pitcha wa namna hii Pittsburgh haijampata tangu sisi tuhamie hapa, na wale wazee ninaowahudumia kazini, ambao wengine walimwona Clemente, nyota wetu wa zamani, kwa macho yao, wananiambia hawakumbuki wa hivi.

Na mkataba unasemaje? Skenes hawi mchezaji huru, wa kwenda timu anayotaka, mpaka msimu wa 2029 uishe. Tuna misimu minne mizima naye, huu wa 2026 bado analipwa hela ndogo kabisa kwa kiwango chake. Cherington, meneja mkuu wetu, mwenyewe Novemba alisema wazi Skenes atavaa jezi yetu 2026, uvumi wa Yankees ukaendelea tu. Kumuuza leo ni kuuza ng'ombe anayetoa maziwa kila siku ukanunue ndama watano, wawili watakufa, wawili watakuwa wa kawaida, na huyo mmoja uombe Mungu.

Umenitajia George Lombard Jr. na Spencer Jones. Lombard namkubali, anacheza shotstopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) vizuri, lakini bado hajaonyesha kwamba gongo lake litatosha ligi kuu. Jones alipiga homurani 35 mwaka jana madaraja ya chini, sawa, lakini anakosa mipira mingi mno, pitcha wa ligi kuu wakishajua pa kumrushia hawatamwachia. Kwa hao ndo unamtoa mshindi wa Cy Young?

Sasa nikukumbushe kitu ambacho wewe ulikuwa bado shule. Tarehe 31 Julai 2018, siku ya mwisho ya tredi, yaani kubadilishana wachezaji, tulikuwa tumeshinda mechi nyingi mfululizo mwezi huo na watu wa mji huu wakaanza kuota mchujo wa ubingwa. Uongozi ukamtaka Chris Archer wa Tampa Bay. Ukatoa Tyler Glasnow, ukatoa Austin Meadows, na wa tatu "atatajwa baadaye". Baadaye ikafika, ni Shane Baz. Tuliyemchukua namba 12 kwenye drafti ya 2017, mwaka mmoja tu kabla! Meadows naye tulimchukua namba 9 mwaka 2013. Yaani vijana wawili wa raundi ya kwanza na Glasnow, jitu refu futi sita na inchi nane lenye mkono wa moto, kwa pitcha mmoja ambaye miaka yake mizuri ilikuwa imeshaanza kupita. Archer akamaliza kwetu na ushindi 6, vipigo 12, akaondoka. Meadows mwaka uliofuata tu akaitwa mechi ya nyota, All-Star. Glasnow leo yuko Dodgers, ana pete ya ubingwa.

Ukisema lakini mama, hiyo ni kinyume, pale tulitoa vijana tukachukua mkubwa, mi nasema haya twende upande wako. Januari 2018, pitcha Gerrit Cole, namba moja wetu wa drafti ya 2011, tukampeleka Houston. Tukapewa wanne: Musgrove, Moran, Feliz, Martin. Wanne kwa mmoja, ile ile hesabu yako. Nani kati yao alituinua? Musgrove alikuwa mzuri, naye tukamuuza San Diego, na miezi mitatu baadaye akarusha mechi nzima bila kuruhusu hiti (pigo la kumfikisha mpigaji besi) hata moja, ya kwanza katika historia ya Padres. Cole akaenda kuwa Cole, pitcha mkubwa. Sisi mara ya mwisho kuonekana kwenye mchujo ni 2015, ubingwa wa mwisho ni 1979.

Sikatai tredi zote, usije ukasema mama yako ni mbishi tu. Mwezi ule ule wa Januari 2018 tulimtoa Andrew McCutchen, na mi nililia kabisa, mji mzima ulilia, lakini kwa akili ya mpira ilikuwa sawa. Alikuwa na miaka 31, mkataba umebaki mwaka mmoja, badala yake akaja Bryan Reynolds ambaye mpaka leo ndo mpigaji wetu wa kutegemewa. Hapo umeuza miaka inayoisha ukanunua miaka inayoanza. Kwa Skenes miaka inayoanza unayo tayari mkononi, unauza nini sasa?

Na hii ya Desemba na Tampa na Houston nimeipenda. Mike Burrows kaenda Astros, kwetu kaja Brandon Lowe, homurani 31 mwaka jana, anapiga mkono wa kushoto. Ukuta wetu wa kulia ni mrefu futi 21 kwa heshima ya jezi namba 21 ya Clemente lakini uko karibu, mpigaji wa kushoto mwenye nguvu anaupita. Halafu wakamwongeza Ryan O'Hearn, naye wa kushoto. Hiyo ndo tredi ya timu yenye pitcha wengi. Toa pitcha wa nne, wa tano, chukua gongo. Mi ningeenda mbele zaidi, ningemtoa pitcha Mitch Keller pia, mkataba wake unaenda mpaka 2028 na timu nyingi zinamtaka mtu wa kurusha kila zamu yake bila kuumia. Najua unampenda Keller. Mi pia nampenda. Lakini pitcha kijana Bubba Chandler keshafika, na mwenzake Jared Jones akipona kiwiko nafasi zitakuwa hazitoshi. Wa kutoguswa kwangu ni Skenes, Chandler na Konnor Griffin, basi, wengine wote naweza kukaa mezani tukazungumza.

Griffin nisikuchoshe, unamjua. Namba 9 kwenye drafti ya 2024, katoka shule moja kwa moja kule Mississippi, msimu wake wa kwanza wa kulipwa kapiga kwa wastani wa .333, homurani 21, kaiba besi 65 (kukimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa), kafika mpaka Altoona, timu yetu ya daraja la chini, akiwa na miaka 19. Watu wanataka aanze ligi kuu siku ya kwanza. Mi ningemwacha kwanza chini mpaka joto liingie, mechi alizocheza Altoona ni chache sana na mtoto ni mtoto. Ila tazama, timu nane zilipita zikamwacha. Nane! Ndo maana nakwambia drafti haitaki papara.

Tuje kwenye drafti yenyewe maana hapo ndo tulipogombana zaidi. Mwaka huu droo imetupa namba 5, na White Sox wana namba moja. Wewe unataka tumchukue Gio Rojas wa Florida, pitcha wa shule, eti kama tulivyomchukua Seth Hernandez mwaka jana namba 6. Mwanangu, pitcha wa shule ni roho mkononi. Kiwiko cha mtoto wa miaka 18 anayerusha maili 97 hakuna daktari anayeweza kukuwekea dhamana. Mwaka 2010 tulikuwa na namba 2. Bryce Harper kaenda kwanza, sisi tukamchukua Jameson Taillon, pitcha wa shule kutoka Texas. Namba 3 Baltimore wakamchukua Manny Machado, shotstopu wa shule. Machado 2012 alikuwa keshafika ligi kuu ana miaka 20. Taillon akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, akaja kufika 2016, akapata saratani akapona akarudi, halafu kiwiko tena upasuaji wa pili. Namheshimu sana yule kijana kwa moyo aliokuwa nao, lakini nimeona kwa macho nafasi ya juu ya drafti inavyoweza kukaa kwenye bandeji miaka mitano.

Na 2007 ndo ilikuwa mbaya kuliko zote. Namba 4, Matt Wieters yupo pale pale, mdakaji ambaye kila mtu anamjua, bei yake ikawatisha, wakamchukua Daniel Moskos wakiokoa hela. Kuokoa hela kwenyewe si kosa ukiwa na mpango, maana 2021 walimpa Henry Davis milioni 6.5, ambazo ziko chini ya thamani ya namba moja, na kile kilichobaki ndo kikampatia Chandler milioni 3 akaacha mpira wa miguu wa Kimarekani kule Clemson. Hapo walitumia akili. Lakini kuokoa ili uweke mfukoni ni dhambi, na kwa vile nafasi ya juu kama hii haiuzwi kwenye besiboli, ukiichezea imekwenda mpaka mwaka kesho.

Kwa hiyo namba 5 mi nataka mpigaji. Roch Cholowsky wa UCLA hatatufikia, hilo tusahau. Justin Lebron wa Alabama ana mikono mizuri na miguu lakini anakosa kosa sana. Roho yangu iko kwa Drew Burress wa Georgia Tech. Watasema mfupi, na mi nasema huyo mfupi alipiga homurani 25 mwaka wake wa kwanza chuoni, urefu wake wataupima ukutani au?

Kitu kingine, usidharau wanaokuja nje ya drafti. Drafti ni ya Marekani, Kanada na Puerto Rico tu, wengine wote wanasainiwa wenyewe. Gift Ngoepe Pirates walimsaini 2008 Afrika Kusini, akasota madaraja ya chini mpaka tarehe 26 Aprili 2017, zamu yake ya kwanza kupiga, Jon Lester wa Cubs yuko mlimani, akapiga akapata besi. Mwafrika wa kwanza kuzaliwa Afrika akacheza ligi kuu, na ilikuwa hapa, PNC Park, kwa jezi yetu. Na sasa wana David Matoma, Mganda, walimsaini 2023, anarusha karibu maili 100. Nataka siku moja nimpigie kelele kwa Kiswahili.

Sasa kazi yako. Grady Emerson, shotstopu, anapiga kushoto, yuko huko huko kwenu Texas upande wa Fort Worth. Wengi wanasema hatapita namba tatu, lakini kila mwaka kuna mtu anateleza na akiteleza nataka niwe najua. Msimu wa shule unaanza mwezi wa pili mwishoni, tafuta mechi yao, nenda mapema ukae nyuma ya sahani upande wa besi ya kwanza. Usiniletee habari za homurani. Angalia akishakuwa na straiki mbili anafanya nini na mpira unaokunja, anaufukuza nje au anauacha upite. Angalia akikosea uwanjani, mpira unaofuata anausogelea au anaungoja uje. Nipigie usiku ule ule unieleze, nitakuwa zamu lakini simu nitapokea.

Mama yako