Risala ya Klabu ya Picha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Picha za Ncha ya Kaskazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wa klabu ndogo kama yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, picha ulizokagua ukutani ni nakala. Alizipiga Nils Strindberg, mwanafizikia wa Sweden mwenye miaka 24, ambaye tarehe 11 Julai 1897 aliruka kutoka Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini mwa Norwei, kwa puto la haidrojeni pamoja na Salomon Andrée na Knut Frænkel, wakiitafuta Ncha ya Kaskazini. Yeye alipewa kazi ya kupiga picha za ramani kutoka angani. Puto halikumaliza siku tatu, likatua barafuni lisiinuke tena. Hapo wengi wetu tungeiweka kamera begini. Strindberg alishuka, akapiga picha ya puto limelala ubavu na wenzake wawili wamesimama wakilitazama. Akampiga picha dubu waliyemwinda. Akaendelea kupiga picha huku wakikokota mizigo juu ya barafu, na mwezi Oktoba wakafika kisiwa cha Kvitøya. Wote watatu walifia huko.

Filamu zilikaa kwenye baridi miaka 33. Zilipookotwa mwaka 1930, John Hertzberg wa Stockholm alizisafisha kwa uangalifu mkubwa, na kati ya picha zipatazo 240 akaokoa 93. Yale madoa meupe na meusi si kosa la mashine yetu ya kuchapia, Mheshimiwa. Ni maji yaliyopenya kwenye filamu.

Nusu karne kabla ya safari ya Strindberg, mwaka 1845, nahodha Sir John Franklin wa Uingereza naye aliondoka kwenda kwenye bahari ya barafu ya kaskazini na kamera, ya zile za bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo picha yake hutokezwa kwa mvuke wa zebaki. Kabla ya safari, maofisa wake walipigwa picha, zikabaki nyumbani, na sura zao tunazo hadi leo. Ya kutoka barafuni haijapatikana hata moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeyasema haya kwa sababu ya ombi letu. Albamu za zamani za shule hii zimeliwa na mchwa, na zilizosalia zimegandana kwa unyevu. Wapo waasisi ambao sura zao hatuzijui. Tunaomba kabati la chuma linalofunga sawasawa, na skana moja ili tunakili picha kabla hazijaharibika zaidi. Tulikuwa na ombi la kamera mpya pia, ila tumeliondoa wenyewe: za simu zinatosha kwa sasa, shida yetu ni pa kuziweka.

Wazazi mliosoma hapa, mkiwa na picha za enzi zenu, tuazimeni, tutazirudisha.

Sasa tunakuomba uzindue rasmi maonesho haya.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Picha