Zuhura, hilo jedwali la tensi liweke pembeni

Shosti wangu Zuhura,

Za huko Nungwi mwaya? Huku Mbagala tupo, joto tu ndo limetukamata shingo. Voisi zako nimezipata zote nikazisikiliza mpaka ile ya mwisho uliyorekodi jikoni, sahani zinagongana utadhani mnahama. Hongera kwanza, mana kutoka kubeba sinia mpaka kuambiwa uombe nafasi ya mapokezi sio jambo dogo, tena meneja mwenyewe ndo kakuambia, sasa usije ukarudi nyuma kisa Kiingereza.

Umeniomba nikufundishe tensi zote kumi na mbili kabla ya intavyuu. Sikufundishi ng'o. Lile jedwali si tulilichora fomu wani, tukalikariri mpaka fomu foo, "I shall have been going", nani kawahi kukuambia hivyo tangu uanze kazi hapo hotelini? Mimi hawa watoto wangu wa tuisheni nawaambia kila siku, gramma unayo tayari kichwani, ya Kiswahili, na inakubeba sehemu kubwa tu, nani kafanya nini, wapi, lini, mpangilio unakaribiana. Kinachotuangusha ni sehemu chache ambazo hizi lugha mbili zinaachana njia, na sisi tunaendelea kunyoosha tu kwa Kiswahili chetu bila kujua kwamba mwenzetu alishakata kona. Hizo ndo nataka uzijue.

Kubwa kuliko zote ni -me-. Shuleni tuliambiwa -me- ni "have" na "has", basi tukawa tunabandika popote. Sasa angalia, mgeni amelala, wewe unamaanisha saivi yuko usingizini, si ndiyo? Mtu akipiga simu kumuulizia ukamjibu "He has slept", yeye anaelewa keshalala na kamaliza, muunganishie tu! Hapo unasema "He is sleeping" au "He is asleep". Na ndo hivo hivo kwa amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika, amelewa, "He is sitting by the pool", "She is wearing a red hat", "The guest is angry", mana hapo Kiswahili kinakueleza hali mtu aliyonayo muda huu. Ila dereva amefika, teksi imeondoka, chumba kimesafishwa, hapo have inakaa vizuri kabisa, "The driver has arrived", "The room has been cleaned", kitu kimefanyika na matokeo yake yapo mbele yetu. Halafu kuna ile ya mtaani, "wamekuja jana", "amelipa juzi", sisi wala hatushtuki, Kiingereza hakitaki. Ukishataja jana au Jumatatu au saa fulani, have inaondoka, "They came yesterday", "He paid on Monday", yani unarudi kwenye -li-. Ukilishika hili la -me- peke yake nakuhakikishia umeshapita watu wengi tu wenye vyeti vyao ukutani.

Na ukimsikia Mmarekani anasema "I already ate" wakati mimi nakwambia useme "I've already eaten", usinipigie usiku kubishana. Wamarekani wengi wanaongea hivyo, Waingereza ndo wanaipenda zaidi have hapo, wote wako sawa. Ile -mesha- yetu ndo "already", na hajala bado ndo "He hasn't eaten yet", hiyo yet iweke mwisho kabisa wa sentensi.

-na- nayo ina mambo yake ila sio mengi. "Nafanya kazi hapa" na "naongea na mgeni" kwetu zote ni -na-, kwao ni "I work here" na "I am talking to a guest", ya kwanza ni kila siku, ya pili ni sasa hivi. Ila maneno kama know, want, need, understand usiyape -ing hata kama unajua saivi hii hii. Nasikia watu wanasema "I am not knowing", jamani, ni "I don't know" tu.

Hiyo do ndo inawasumbua sana watu wa kaunta. Sisi kuuliza ni kupandisha sauti tu, unataka chumba, unataka chumba?, imeisha. Wao mara nyingi lazima wamtafute do aje asimame mbele, "Do you need a taxi?" Hata wao zamani hawakuwa hivyo, kwenye Shakespeare unakuta "What say you?" bila do yoyote, ila saivi ukiuliza hivyo utaonekana umetokea kaburini. Sasa siri ya do ni kwamba akishakuja anabeba mzigo wote yeye. Ile s ya he na she inahamia kwake, ule wakati uliopita unahamia kwake, kitenzi kinabaki kitupu. "She wants tea", lakini "Does she want tea?", sio does she wants. "You slept well", lakini "Did you sleep well?", na hapa ndo wengi wanateleza wanauliza did you slept, mzigo umebebwa mara mbili. Kwenye kukataa ni hivo hivo, "He didn't pay", sio didn't paid.

Sasa a na the. Umesema hizi zinakuchanganya kuliko vyote na sikushangai, Kiswahili hatuna kitu kama hicho, ndo wanavyotuambia. Mi nakwambia tunacho, kimejificha tu. Nikikuuliza "umeona ufunguo?" na nikikuuliza "umeuona ufunguo?", si unajua tofauti? Wa kwanza ni ufunguo wowote, wa pili ni ule ufunguo tunaoujua mimi na wewe. Basi hako ka-u- katikati ndo the ya Waingereza, "Have you seen a key?" na "Have you seen the key?" Nimeleta taulo, "I've brought a towel", nimelileta taulo, yani lile uliloagiza, "I've brought the towel". Tangu nilivyoanza kuwafundisha hivi watoto wangu wanapata haraka mno, mana hawakariri tena, wanasikiliza Kiswahili chao wenyewe. Inagoma kwa watu lakini, mana mtu hata usiyemjua bado unasema nimemwona mgeni, hako ka-m- kapo tu siku zote. Kwa watu fanya hivi, jiulize, huyu ninayemwambia ataniuliza "yupi?" Kama anaweza kuuliza, weka a, "A guest is looking for you". Kama anajua ni yule mama wa chumba namba tisa aliyekuwa analalamika asubuhi, basi "The guest is looking for you". Usiogope kukosea kwenye hizi, hakuna mgeni atakayepotea njia sababu ya the moja, ila ukizipatia Kiingereza chako kinasikika kimetulia.

Ile an fuata sauti, usiangalie herufi. "An egg", "an omelette", lakini "a uniform" mana unaanza kutamka na y, na "an hour" mana h imekaa kimya. Basi, hakuna zaidi.

Neno ambalo utalitumia kila siku hapo kaunta ni luggage, na halina wingi. Sisi tuna mzigo na mizigo, kwa hiyo mdomo unataka kusema luggages, usiseme. "Your luggage is in the room", hata kama ni mabegi kumi na mkokoteni juu, ukitaka kuhesabu sema "three bags". Wenzake ni information, furniture, advice na equipment, wote hawa hawataki s. Na ukijitambulisha sema "My name is Zuhura", tuachane na "My names are" hata kama una majina matatu kwenye kitambulisho. He na she najua zinakuchanganya kwa sababu kwetu wote ni yeye, cha kukumbuka ni kwamba kwenye his na her unamwangalia mwenye mali, mke kasahau begi ni "her bag", mume kasahau ni "his bag", begi lenyewe halihusiki.

Halafu kuna hili ambalo kwenye vitabu vyetu vya shule huwa wanaligusa juu juu, na hapo mapokezi litakuletea kesi. Mgeni anakuuliza "You don't have a room for tonight?" Kweli hamna chumba, wewe kwa adabu zako unajibu "Yes", ukimaanisha ndiyo, kama ulivyosema, hatuna. Mgeni anafurahi anaanza kushusha mabegi! Sisi tunaitikia maneno ya aliyeuliza, wao wanaitikia jambo lenyewe lilivyo. Chumba kipo ni yes, hakipo ni no, haijalishi swali limeulizwaje. Na usiishie hapo, malizia kabisa, "No, we don't" au "Yes, we do", ili hata ukikosea mwanzo mwisho ukuokoe.

Na saa! Kifungua kinywa saa moja mpaka saa nne ni "from seven to ten". Unajua mwenyewe ni kuongeza sita au kutoa sita, ila ukiwa na foleni ya watu na simu inaita kichwa kinarudi kwenye Kiswahili fasta, na mtu akiambiwa boti yake ya asubuhi inaondoka "at one" atakwenda kuogelea kwa raha zake mpaka mchana. Andika hizo saa kwenye karatasi ubandike chini ya kaunta mahali wageni hawaoni, boti, chai, kuingia, kutoka, zote kwa saa zao.

Adabu nayo usiidharau. "Nipe paspoti" hata kwa Kiswahili huwezi kumwambia mgeni, utasema naomba. Kwa hiyo usimwambie "Give me your passport", sema "Could I have your passport, please?" Na would usiiogope, ni -nge- yetu hii hii, ungependa chai ni "Would you like some tea?" Wewe mtoto wa pwani, ungependa na naomba umezaliwa nazo, zihamishie tu huko. Ila ile "I'm coming" yetu, ya kusema nakuja huku unaondoka, iache kwetu sisi, mgeni atabaki amekodoa macho anakuona unaenda. Sema "I'll be right back".

Sasa kazi ninayokupa, na hii ni lazima sio hiari. Kila usiku kabla hujalala nitumie voisi ya dakika moja tu ya kilichotokea kazini siku hiyo kwa Kiingereza, nani kaja, nani kaondoka, nani kalalamika, mi ntakujibu asubuhi nikiwa kwenye daladala na ntakurekebisha -me- zako tu kwanza, hizo nyingine nitazifumbia macho mpaka wiki ijayo. Usiandike halafu usome, ntakujua, ongea tu. Na tarehe ya intavyuu ikitoka niambie siku hiyo hiyo ili nijifanye mgeni nikupigie simu, ntakuwa Mwingereza mkorofi hasa, nimefika usiku, hakuna maji ya moto na mzigo wangu umepotea.

Msalimie mama, mwambie zile kanga nimezipata na ile nyekundu dada kashanipora.

Wako,
Mwanaidi