Mwanaidi, hita zenu zinafika nyuzi ngapi?

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Uholanzi. Sote wazima, baridi tu ndiyo imewahi. Habari za Kessy nimezipata, mwambie nimefurahi mno, na hiyo mahari asiikawize. Naandika mbio kwa sababu nina la kukuomba, na wa kuombwa ni wewe uliye kiwandani.

Unazijua zile konekta nyembamba ndani ya simu? Nyingi ni polima za fuwele kioevu, yaani plastiki ambazo hata zikiyeyuka molekuli zake hubaki zimejipanga, ndizo zinazonikosesha usingizi huku. Tangu Ulaya ipige marufuku risasi kwenye lehemu mwaka 2006, bodi hupitishwa kwenye tanuri la karibu nyuzi 260, na plastiki nyingi hujikunja humo. Zinatakiwa zinazostahimili. Sasa, inayostahimili sana nayo inagoma kuyeyuka. Polima ya asidi ya parahidroksibenzoiki peke yake huharibika kabla haijayeyuka, utaisukumaje kwenye moldi, kile kalibu cha kuitia umbo? Xydar, polima ya jamii hii iliyotoka mwaka 1984, ilitaka zaidi ya nyuzi 400. Mashine gani ya huko Chang'ombe inafika huko?

Kampuni ya Celanese walipata njia ninayoipenda mpaka leo. Minyororo ya molekuli za polima hizi imenyooka kama fito, na fito zilizonyooka zikifungwa mzigo hubanana kabisa, ndiyo maana haziyeyuki kirahisi. Wao wakachanganya vipande vya naftalini, vinavyoupa mnyororo kiwiko kidogo bila kuulegeza wenyewe, mzigo ukakosa kubana. Polima yao, Vectra, ikayeyuka kwenye 280 hivi. Nyuzi za kufumia za jamii hiyohiyo, Vectran, ndizo zilizofumiwa mifuko ya hewa ya chombo cha Pathfinder kilipotua Mirihi mwaka 1997! Kampuni ya Eastman, miaka ya 70, walikuwa wameshaingiza vipande laini vya PET, ile plastiki ya chupa za maji. Kuyeyuka kukawa rahisi, ila ustahimilivu nao ukaporomoka. Kila ukishusha huku, kule kunakuponyoka.

Mimi nimeng'ang'ania njia iliyofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha NASA Langley, Marekani: minyororo mifupi yenye ncha za feniletinili, kundi la atomi linaloungana likipata joto kali. Kwa kuwa ni mifupi, inayeyuka mapema na kutiririka vizuri. Ukiipandisha hadi 370 hivi, ncha zinashikana na haiyeyuki tena. Ni nzuri kweli, Mwanaidi, ukiiona chini ya darubini rangi zake zinatembea. Lakini joto tulilolipunguza kwenye kuyeyusha linaturudia kwenye kukaza, na hilo silioni likijadiliwa vya kutosha. Halafu yale mabaki ya kwenye njia za moldi, ambayo ninyi huyasaga na kuyarudisha kwenye hopa, pale mashine inapolishwa, haya yakishakaza hayarudi. Kwa kiwanda kinachohesabu kila kilo, hiyo si hasara ndogo. Wenzangu hapa wanaliona jambo la baadaye. Mimi naona lingekuwa la kwanza, maana polima isiyopita kwenye mashine za watu ni ya maabara tu.

Ndiyo maana nakuuliza wewe. Hita za bareli zenu, pale plastiki inapoyeyushiwa, zinafika nyuzi ngapi kabla fundi hajaanza kulalamika? Moldi zenyewe mnazipasha kwa maji au kwa mafuta? Kipande kikikaa ndani dakika tano nzima, bosi atavumilia? Mabaki mnarudisha kiasi gani? Na yule fundi mkuu wa zamu ya usiku bado yupo? Yeye angenijibu yote haya amesimama.

Mama anaendeleaje na goti? Niandikie hata nusu ukurasa.

Wako,
Rehema