Barua ya malalamiko: rudisheni balo langu

Goma, Septemba 2025

Bwana Mkurugenzi wa shirika la mikopo,

Nakusalimu kwa heshima. Ajenti wenu wa mikopo alinikuta sokoni Birere, wateja wakiwa mbele yangu, akafungua daftari akasoma deni langu kwa sauti. Kisha akachukua balo, yaani furushi zima, la nguo za watoto ambalo hata kamba sikuwa nimeikata, akalipakiza kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Karatasi hakuonyesha.

Nilimwambia: kateni kwenye akiba yangu, si mnayo? Akajibu akiba haiguswi, Kinshasa wamefunga. Sawa. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 Benki Kuu ilifunga mabenki, nanyi mkafunga dirisha. Siwezi kutoa hata dola moja ya jasho langu. Lakini riba inaendelea, na adhabu ya kuchelewa juu yake! Dirisha lililofungwa kwa mwenye akiba limekuwaje wazi kwa mwenye deni? Noti zenyewe za kuwalipa nazitafuta kwa wakala wa pesa za simu, naye anakata kamisheni yake kwanza.

Mwenye maghala kando ya ziwa mlikaa naye ofisini, mkamsogezea tarehe ya kulipa deni lake. Yeye ana watu wa kumsemea. Sisi wa sokoni hakuna aliyetuuliza kuhusu vita wala kuhusu kufunga benki, ila hasara ya hayo mnatuandikia sisi.

Narudia habari ya balo, maana hainitoki. Alitaja jina langu mbele ya mama anayenikopesha unga. Binti yangu alikuwa ameshika kamba, ajenti akavuta mpaka mtoto akaanguka kwenye mawe, akapasuka goti. Nilipolia akasema, “Nenda ukashtaki.” Anajua mahakama za serikali hazifanyi kazi hapa. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, hazimruhusu anayedai kujikamatia mali ya mtu: inatakiwa hati ya mahakama na afisa wake. Ajenti wenu ni hakimu wa wapi?

Naomba balo lirudi na adhabu zote tangu Januari zifutwe. Akiba yangu ikatwe kwenye deni. Tena si yangu peke yangu: ya kina mama wote wa kundi letu, kwa kuwa mnatudai kwa pamoja. Na ajenti huyo asikanyage tena Birere.

Mwezi ukiisha bila jibu, kundi zima linaacha kulipa. Barua hii, pamoja na jina la ajenti huyo, itafika Benki Kuu Kinshasa na kwa wafadhili wanaowapa mtaji.

Mteja wenu,
muuza nguo, Birere